Mtu Asiyekaa na Mtoto Asiyekula

Fundi wa friji aliyekuwa na karakana mwisho wa mtaa, ubavuni mwa mchomeleaji wa mageti, alikuwa mtu asiyetulia. Ukimpa kiti anakishika mgongo kama anayekagua mbao zake, na kabla hujamaliza kumweleza friji yako inalia vipi, yeye ameshaivuta kutoka ukutani na kupiga magoti nyuma yake. Chai aliinywa akitembea. Chakula cha mchana alikila akiwa wima mlangoni, mkate mkono mmoja, bisibisi mkono wa pili. Watu walimwita Kiguunanjia, mwanzoni kwa utani, kisha jina likamganda. Hata mkewe alimwita hivyo akiwa na hasira. Akiwa hana hasira alimwita Baba Nukta.

Nukta alikuwa binti yao wa pekee, miaka mitatu na nusu. Alizaliwa mdogo kiasi kwamba baba yake, alipofunuliwa blanketi amwone, alisema, "Hii ni nukta tu. Sentensi yenyewe iko wapi?" Wauguzi wakacheka, na mtoto akatoka wodini na jina lake.

Sasa huyu Nukta alikuwa hali. Au tuseme alikula, lakini vitu vyeupe peke yake: wali usioguswa na mchuzi, mkate uliovuliwa ganda, ndizi isiyo na doa hata moja, biskuti za maziwa, na maziwa, maziwa, maziwa. Chochote kingine alikiita "kitu". Kwa miaka miwili mama yake alimfukuza na bakuli nyumba nzima, kijiko kimoja sebuleni, kingine chini ya meza, kingine mlangoni mwa choo. Fundi hakulitia maanani jambo hilo, kwa sababu saa za chakula yeye alikuwa karakanani au njiani.

Kisha mama mkwe wake akateleza bafuni akavunjika nyonga. Mke alifunga begi asubuhi ile ile kwenda kumwuguza mama yake.

"Wiki sita," alisema, "labda saba. Chekechea anatoka saa sita. Maziwa akitaka, biskuti akilia. Lakini Baba Nukta, nakuomba, mtoto ale."

"Atakula," fundi alisema, huku akipapasa mifuko kutafuta funguo zake. "Mtoto wa miaka mitatu atanishinda mimi?"

Alimshinda siku ya kwanza, kabla ya saa nane.

Alikuwa amepika wali na maharage, karoti ndani, na kwa kweli harufu haikuwa mbaya. Nukta aliitazama sahani kama mtu aliyeletewa barua ya polisi.

"Kuna kitu," alisema.

"Kitu gani?"

"Kile. Chekundu. Kinaniangalia."

"Ile ni karoti, mama. Karoti haina macho."

"Basi inaniangalia bila macho."

Fundi alitoa karoti moja baada ya nyingine kwa ncha ya kijiko, kwa umakini ule ule wa kutoa skrubu ndogo kwenye mota. Nukta akasema sasa wali una mchuzi. Akampakulia wali mwingine. Nukta akasema huu una harufu ya ule wa kwanza. Fundi akajaribu mbinu aliyowahi kuona mahali fulani: kijiko ni lori, limebeba mzigo kutoka mbali, geti lifunguliwe. Aliunguruma vizuri kabisa, hata kubadilisha gia.

"Geti limefungwa," Nukta alisema kwa meno yaliyobanwa. "Mlinzi amelala."

Simu ikalia, mteja wa pili alikuwa anasubiri, na fundi akamimina maziwa kwenye kikombe, akampakata mtoto, wakatoka.

Wiki ya kwanza ilipita namna hiyo. Mchana mtoto alishinda naye karakanani, akichezea mifuniko ya mitungi, na kila baada ya muda alivuta suruali ya baba yake: maziwa. Jioni mkewe alipiga simu.

"Amekula?"

"Amekula."

"Amekula nini?"

"Wali."

"Wali na nini?"

"Wali na…" Fundi aliitazama sufuria. "Na wali."

Fundi alikata simu akaanza kuzunguka chumba, kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi dirishani. Kitu kibovu alikijua yeye: unakifungua, unatafuta kilipokatikia, unaunga. Huyu mtoto angemfungulia wapi?

Alipomweleza jirani yake mchomeleaji, aliyeitwa Cheche na aliyekuwa na watoto watano, Cheche alinyanyua kioo cha kukinga uso na kucheka.

"Unambembeleza, ndiyo maana. Wangu wa pili alikuwa hivyo. Unamweka kwenye paja, unambana mikono, unamziba pua. Lazima afungue mdomo apumue. Akifungua, unatia. Siku tatu tu anakuwa bingwa wa kula."

Fundi hakulipenda neno hilo. Lakini kesho yake saa saba mchana, friji mbili zikimsubiri na mtoto amemwaga sahani ya pili sakafuni, alimpakata, akambana mikono, akaziba pua ile ndogo kwa vidole viwili vyenye harufu ya grisi. Nukta alijinyonga kama samaki. Mdomo ukafunguka. Fundi akatia kijiko cha kiazi na yai.

Nukta alivuta pumzi wakati ule ule.

Hakukohoa. Hilo ndilo lililomtisha fundi maishani mwake kuliko jambo lolote: hakukuwa na sauti. Macho yalimtoka mtoto, midomo ikaanza kubadilika rangi, mikono ikapapasa hewani. Fundi hakujua alifanya nini kwa mpangilio gani. Alimlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja, mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa nguvu hata akaogopa kumvunja. Kipande cha kiazi kikaruka hadi mguuni mwa meza. Kisha kilio kikaja, na fundi akakaa chini sakafuni.

Nukta alijiburuta hadi chini ya kitanda. Baada ya muda mrefu sauti yake ilitoka kule gizani.

"Baba. Usinishike tena."

"Sitakushika tena, mama," fundi alisema. Na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, simu ililia naye hakuinyanyua.

Alimpeleka kliniki siku hiyo hiyo, kuhakikisha hakuna kilichobaki kifuani. Muuguzi, mwanamke mfupi aliyevaa miwani iliyofungwa kamba, alimsikiliza mtoto mgongo na kifua, akasema yuko salama. Fundi alimweleza ukweli wote, hata ule wa pua. Muuguzi hakufoka. Alimpima mtoto, akafungua kadi.

"Kilo kumi na mbili na nusu. Miezi minne iliyopita zilikuwa hizi hizi. Maziwa anakunywa mara ngapi kwa siku?"

"Akitaka."

"Na hutaka mara ngapi?"

Fundi alianza kuhesabu kwa vidole: cha asubuhi, cha kutoka chekechea, cha karakanani, cha karakanani tena… Mkono mmoja ukaisha.

"Baba, huyu si kwamba hapendi chakula tu. Amekwisha kushiba kabla hujapakua," muuguzi alisema. "Na wewe unakula naye?"

"Nakula nikipita."

"Ukipita wapi?"

Nukta, aliyekuwa akichezea kamba ya miwani, akamjibia baba yake.

"Baba hali. Baba anatembea."

Muuguzi aligeuza kiti chake wakatazamana uso kwa uso. Alimwambia maziwa yabaki kikombe cha asubuhi na cha kulala, katikati ni maji. Biskuti ziondoke. Kazi ya baba ni kuamua kitapikwa nini na kitaliwa saa ngapi, na kila mara kiwepo kitu kimoja ambacho mtoto anakijua. Kazi ya mtoto ni kuamua atakula kiasi gani, hata kama ni sifuri. Asimsihi, asimtishe, asimsifu, asimwahidi. Kitu kigeni kiwekwe kidogo, ukubwa wa ukucha, na kama hakikuliwa kirudi siku nyingine, hata mara kumi na tano.

"Na uketi naye," alimaliza. "Dakika ishirini. Ule unachompa."

"Dakika ishirini!" fundi aliruka. "Mimi dakika ishirini nabadilisha kompresa!"

"Basi hii ni ngumu zaidi," muuguzi alisema, akaita mgonjwa mwingine.

Nayo ilikuwa ngumu, msidhani natia chumvi. Siku ya kwanza fundi aliweka wali, maharage, na kipande kidogo cha malenge, akavuta kigoda, akaketi. Baada ya dakika mbili aliisikia friji yake mwenyewe ikigonga, akajua ni raba ya chini iliyolegea. Akajizuia. Goti likaanza kucheza peke yake chini ya meza hadi vikombe vikalia. Akalishika kwa mkono. Akatazama saa ya ukutani, dakika ya tatu. Nukta alimwangalia kwa makini.

"Baba, unaumwa?"

"Hapana. Nimekaa tu."

"Ah," Nukta alisema, kama aliyeelezwa jambo la ajabu lakini si lake. Akala wali. Malenge hakuyagusa.

Siku ya pili saa kumi, karakanani, mtoto alililia maziwa hadi watu wa ng'ambo ya barabara wakatoka kuchungulia. Fundi alimpa maji, Nukta akakitupa kikombe. Cheche akazima mashine.

"Sasa unamnyima mtoto maziwa? Ndugu yangu, umerogwa?"

Fundi alimbeba mtoto na kuizunguka karakana mara nne, mara tano, roho juu juu, akijiuliza kama anamtibu binti yake au anamuua kwa njaa. Jioni ile Nukta alikula vijiko kumi na moja vya wali. Fundi alihesabu kwa siri, akitazama pembeni.

Siku ya tano, bila mtu kusema neno, mtoto alinyoosha kidole, akaigusa karoti, akakipeleka kidole mdomoni. Fundi alishindwa kujizuia. Aliruka juu, kigoda kikaanguka, akapiga makofi: "Hongera, mama! Umeona? Tamu, eh?" Mdomo wa Nukta ukafungwa, na karoti haikuguswa tena kwa siku tatu. Fundi alijilaumu, na siku zote tatu akawa anatia kipande cha mkate mdomoni mwake mwenyewe kila alipotaka kusema kitu.

Siku ya nane simu ililia katikati ya chakula. Alikuwa ameiacha kabatini, lakini iliita, ikakata, ikaita tena, hata Nukta akasema, "Baba, mtu analia kabatini." Ni mama muuza samaki wa mtaa wa pili. Friza lake limezima na shehena nzima iko ndani. Fundi aliyatazama maharage mawili kwenye sahani ya mtoto, yaliyokuwa yamesogezwa kutoka ukingoni hadi katikati ya wali. Alijua maana yake: mtoto alikuwa karibu kuyaonja. Alijua pia samaki hawangoji. Akamnyanyua Nukta, begi la vifaa begani, akatoka mbio huku akijitukana.

Duka la samaki lilikuwa chumba kimoja chenye vigae vyeupe na maji sakafuni. Fundi alilivuta friza, akapiga magoti nyuma yake, akaanza kutafuta. Mwenye duka, mama mnene aliyejifunga aproni ya plastiki, alifunika samaki wake kwa magunia yaliyolowa, akanawa mikono polepole hadi viwikoni, akavuta kreti, akaketi na kufungua bakuli lake la mchana: kipande cha samaki, viazi, mchuzi.

"Unakula?" fundi alimwuliza kutoka nyuma ya friza. Hakuamini. "Na samaki wako wanaharibika?"

"Wanaharibika," yule mama alisema. "Lakini nikikaa na njaa wao watapoa?" Akaendelea. Alikula kama mtu aliye kazini, anachambua mwiba, anauweka kando, anatafuna, haharakishi, hamtazami mtu.

Nukta alikuwa ameketi kwenye kreti jingine. Alisogea. Akasogea tena, hadi bega lake likagusa ile aproni.

"Hicho nini?"

"Chakula changu."

"Kina macho?"

"Kilikuwa nayo. Kichwa nimempa paka."

Nukta alilitafakari hilo. Yule mama hakumkaribisha wala hakumfukuza, alizamisha kiazi kwenye mchuzi akala.

"Na mimi," Nukta alisema.

Yule mama akamega kipande cha kiazi kilicholowa mchuzi wa rangi, akakiweka kwenye kiganja cha mtoto, akarudi kwenye bakuli lake kana kwamba hakuna kilichotokea. Nyuma ya friza fundi alikuwa ameshika waya mbili mkononi na hakupumua. Nukta alikilamba kile kiazi. Akakunja uso. Akakilamba tena. Kisha akakitia mdomoni, akakitafuna kwa muda mrefu sana, akameza.

"Kina pilipili kidogo," alitoa taarifa.

"Kidogo," yule mama alikubali.

Fundi aliinamisha kichwa kwenye mota ya friza na kuona aibu kwa namna ambayo hakuizoea. Huyu mama hakuwa amefanya lolote. Alikuwa ameketi tu, akala chake, na mali yake yote imelala chini ya magunia. Alipounga waya na friza likaanza kunguruma, hakuondoka mara moja kama ilivyokuwa kawaida yake. Alinawa mikono, akauliza kama kuna kreti la tatu.

Tangu siku hiyo karakana ilifungwa kuanzia saa saba hadi saa saba na nusu. Aliandika kwa chaki mlangoni: TUNAKULA. Wateja walilalamika, wengine walidhani amepata ugonjwa. Cheche alicheka siku mbili, siku ya tatu akaja na bakuli lake, akaketi nao, akaongea sana, wakamwomba siku nyingine aje bila habari za siasa.

Mambo hayakunyooka. Wiki ya nne Nukta alishikwa na mafua, akarudi kwenye mkate mtupu siku tano mfululizo, na fundi akarudi kuzunguka chumba, dirisha, mlango, dirisha, akiamini kila kitu kimekwenda na maji. Mara mbili alikaribia kumpa biskuti. Mara moja alimpa, wala hakumwambia mtu. Mafua yalipokwisha alimpa mtoto kazi ya kuosha maharage kwenye beseni, naye aliyaosha moja moja, akiyasemesha, akiyakemea yaliyoelea. Mchana ule alikula manne. La tano alisema limechoka.

Mke alirudi baada ya wiki saba kasoro siku moja, saa saba na dakika kumi, begi mkononi. Alisimama mlangoni, na aliyemshangaza kwanza si mtoto. Ni mumewe: ameketi, miguu chini ya meza, mdomo unatafuna.

"Baba Nukta, kuna msiba?"

Nukta alimrukia shingoni, wakakumbatiana, wakalia kidogo, wakacheka. Kisha mama akaketi, akaona sahani yenye karoti mbichi, nusu yai na wali wenye doa la mchuzi. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kijiko.

"Kula basi, mwanangu. Hiki kimoja tu, cha mama."

Fundi alimgusa mkono. "Mwache."

"Nimwache?" Macho ya mkewe yalibadilika. "Wiki saba tu, na wewe ndiye wa kunifundisha mimi mtoto wangu? Wewe Kiguunanjia, ambaye hujawahi kumwona akila?"

"Sijawahi," fundi alisema. "Hilo ni kweli. Mke wangu, nimefanya jambo baya hapa, nitakueleza tukiwa wawili. Lakini sasa hivi kula na wewe. Tafadhali. Umetoka safari."

Alimpakulia. Mkewe alikula huku amenuna, akitazama sahani yake tu kwa hasira, na kwa sababu alitazama sahani yake tu, hakuona Nukta alivyokata karoti kwa meno ya mbele, kraka. Aliposikia mlio huo aliinua macho, akamwona akiitafuna yote na kuendelea na yai. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja kabla mtoto hajayaona.

"Miaka miwili nilidhani ni mimi," alimwambia mumewe baadaye, wakiosha vyombo. "Nilidhani kuna mama wanaojua na mimi sijui." Fundi naye akamweleza habari ya kiazi na pua, bila kuficha. Mkewe hakumsamehe siku hiyo, wala wiki ile. Lakini mtoto alipopimwa tena kadi ya kliniki ilisema kilo kumi na tatu na robo, na walikwenda kuisoma pamoja.

Leo Nukta yuko darasa la pili. Malenge hali, na hakuna anayemwuliza. Baba yake bado anakunywa chai akitembea, bado anakagua viti badala ya kuvikalia, na dakika ya tatu mezani bado ni mlima kwake. Mkewe humsogezea bakuli la mboga ili mikono ipate kazi, naye hulipokea, hupakua, hulipitisha.